Mvua Tele, Mto Hakuna

Assalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie vivutio vya Komoro, na nitavifikia. Lakini wanaonijua wanajua kwamba Komoro mimi naianza na maji. Vijitabu vya watalii vinaanza na fukwe na mlangilangi. Sikubali.

Sisi hapa Unguja kaskazi yetu ni jua, mvua tunaingoja masika. Kule kaskazi ndiyo mvua yenyewe, Novemba mpaka Aprili. Miteremko ya magharibi ya Karthala, mlima wa mita 2,361, inapata mvua ambayo Unguja hatujaiona. Sasa nendeni mkatafute mto. Kisiwa kizima cha Ngazija, ambako mlima huo uko, hampati hata mmoja unaotiririka mwaka mzima! Karthala ni volkano hai, na mwamba wake una matundu kama sifongo. Mvua unaisikia ikipiga bati usiku kucha; asubuhi ukitoka, ardhi imeshaimeza.

Ndiyo maana watu wana mabirika. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na lake uani, la saruji, linapokea maji ya paa. Kabla ya kuteka alikuwa akigonga ukuta wake kwa kata, anasikiliza. Kwa mlio tu alijua yamebaki ya wiki ngapi, na kama tuoge au tunawe uso tu. Mwaka 2005 Karthala ililipuka, majivu yakaanguka juu ya mapaa na ndani ya mabirika. Ndoo aliyoivuta bibi ilitoka na uji wa kijivu. Aliiweka chini, akakaa kando yake, hakusema neno. Mabirika ya kijiji kizima yalikuwa hivyo hivyo. Jamani, maji ya miezi yameharibika kwa siku moja, na mvua bado inanyesha!

Najua mtauliza: si wachimbe visima? Naulizwa kila ninaposimama. Wamechimba, pwani, na Moroni, mji mkuu, inakunywa hayo. Lakini kisima cha pwani ukikivuta sana, bahari inaingia, maji yanakuwa ya chumvi. Kijiji kilichoko juu mlimani, maji yako chini mno. Nani atalipia mtambo wa kuchimba huko?

Kisiwa jirani cha Nzwani mito ipo. Niseme ilikuwapo, maana mingi iliyokuwa haikauki sasa inakauka kila kusi. Msitu wa juu umekatwa, na ule msitu ndio uliokuwa ukiyashika maji. Hata popo wakubwa wa Livingstone, wasiopatikana kokote duniani ila Nzwani na kisiwa cha Mwali, wanakosa miti ya kulala. Hili lilitaka saa nzima.

Naonyeshwa dakika mbili. Haya: gombesa, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosauri mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku nyingi. Mji mkongwe wa Mutsamudu, na ngome yake juu. Mwali, hifadhi ya bahari tangu 2001. Kasa wanapanda kutaga Itsamia. Picha zao nimeziacha mezani, pale mlangoni.