Bastola Iliyochakaa Rangi: Itiwe Upya au Iachwe Ilivyo?

Karibu, mtazamaji. Bastola iliyo mezani imepoteza rangi mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, kama zinavyokuwa silaha zilizobebwa kiunoni miaka mingi. Video hii haifundishi namna ya kuitia rangi. Inafundisha kuamua kama itiwe. Nitasema mapema kwamba nyingi za namna hii ni heri ziachwe, kwa sababu rangi iliyokwisha haiizuii silaha kufanya kazi, ilhali chuma kilichosagwa kwa msasa hakirudi.

Kwanza hakikisha haina risasi. Chomoa magazini, vuta slaidi nyuma, kisha itazame chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, na uiguse kwa kidole. Ikiwa ni revolva, fungua silinda na ukague kila tundu. Risasi zenyewe zikae chumba kingine.

Hatua inayofuata ni kuitambua silaha, na hapa usiwe na haraka. Soma maandishi yote, namba ya utambulisho na mihuri midogo ya ukaguzi, kisha ulinganishe namba za sehemu mbalimbali kama zinaafikiana. Bastola ya zamani ya Kijerumani kama Luger P08 au Mauser C96 yenye rangi yake ya kiwandani, hata ikiwa imebaki robo tu, huthaminiwa na wakusanyaji kuliko ile iliyong'arishwa ikameta. Kuna Luger za zamani ambazo kifyatulio na vipande vingine vidogo vilitoka kiwandani vikiwa na rangi ya majani makavu. Fundi asiyejua huvitia weusi pamoja na vingine, na mjuzi hulibaini hilo kwa mtazamo mmoja. Hata hivyo, si kila rangi ya pili ni dosari. Colt M1911 nyingi za jeshi la Marekani zilikarabatiwa katika karakana za jeshi lenyewe na kupewa tabaka la fosfeti la kijivu, na ukarabati huo sasa ni sehemu ya historia yake. Ukigundua kwamba silaha yako ni ya aina hizi, uamuzi umekwisha: isafishe, itie mafuta, uiache.

Kama ni silaha ya kawaida, tofautisha kuchakaa na kutu. Ile rangi nyeusi inayoelekea bluu si rangi ya kupakwa. Ni uso wa chuma uliogeuzwa kuwa oksidi nyeusi, yaani magnetaiti. Inapokwisha, chuma hubaki cheupe au hupata ukahawia uliotulia. Tia tone la mafuta mepesi kwenye kitambaa cheupe na upanguse. Kitambaa kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, kutu ingali hai na ni lazima ishughulikiwe leo. Kikitoka na weusi hafifu tu, huenda ni uchafu wa kawaida. Wengi hudhani weusi huo ndio ukuta dhidi ya kutu, lakini kinga yake peke yake ni ndogo: kazi kubwa hufanywa na mafuta yanayoshikwa juu yake. Kwa hiyo anayetaka rangi mpya kwa hofu ya kutu pekee huenda anahitaji chupa ya mafuta, na pia kuacha kuihifadhi silaha ndani ya ala ya ngozi, kwa maana ngozi hufyonza unyevu na kuung'ang'aniza kwenye chuma.

Sasa zima taa ya juu, ushike tochi ubavuni mwa slaidi ili mwanga upite kwa mshazari. Tazama hapa karibu na herufi: vile vishimo vyeusi kama tundu za sindano ni mahali kutu ilipokula. Ili kuviondoa, fundi hana budi kuushusha uso wote hadi chini ya kishimo kirefu kuliko vyote, na herufi hushuka pamoja nao. Kwa maoni yangu, vishimo visivyodhuru nguvu ya chuma ni vya kuvumiliwa. Vikiwa ndani ya mtutu au kwenye chemba, hilo si suala la rangi tena. Fundi wa silaha aikague kabla haijafyatuliwa.

Ukiona bado inafaa kutiwa rangi, chagua njia kulingana na chuma. Weusi wa chumvi za moto hutumia magadi makali yanayochemka juu ya nyuzi 130 za Selsiasi. Huyeyusha aluminiamu na kushambulia lehemu ya bati, kwa hiyo fremu ya aluminiamu haiingizwi humo kamwe, na si kazi ya jikoni. Fosfeti huacha uso mkavu wenye vinyweleo, unaoshika mafuta vizuri. Hufaa silaha ya kazi. Dawa za weusi wa baridi zinazopakwa kwa pamba hufaa mikwaruzo midogo tu, maana huchakaa upesi.

Unapomwendea fundi mwenye leseni, omba kuona kazi aliyokwisha kuifanya, na utazame matundu ya skrubu: kingo zikiwa zimebonyea kama kisahani, amezoea kung'arisha kupita kiasi. Kubaliana naye kwa maandishi sehemu ambazo msasa hautagusa, na namba ya utambulisho iwe ya kwanza, kwa kuwa kuifuta au kuififisha ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Piga picha za kila upande kabla ya kumkabidhi silaha.