Jinsi ya Kufunga na Kuvaa PlayStation VR2, Picha Iwe Safi na Kichwa Kisizunguke

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani hapa nina miwani ya PlayStation VR2, ile inayofunika macho yote na kukuweka ndani ya mchezo, ndiyo VR au uhalisia pepe. Nina vidhibiti vyake viwili, na PS5, konsoli ya Sony ya kuchezea michezo, ambayo tayari imeunganishwa kwenye runinga. Leo tunaanza na boksi lililofungwa mpaka mtu anacheza.

Niseme mapema: kuchomeka waya ni kazi ya dakika mbili. Kazi yenyewe iko kwenye kuvaa, na kwenye kuyazoesha macho na tumbo. Watu ninaowajua walioachana na VR, wengi wao waliachana nayo siku ileile ya kwanza. Waliona picha ya ukungu, au walishikwa na kichefuchefu, wakaivua na hawakuirudia tena. Inaniuma, kwa sababu mambo hayo mawili yanarekebishika, na nitayachukulia muda leo.

Kabla hujagusa waya wowote, tuandae chumba. Simama pale utakapochezea, nyoosha mikono yote miwili, zunguka taratibu. Kama mkono unagusa ukuta, kabati au taa ya juu, sogea. Kwa michezo ya kukaa au ya kusimama mahali pamoja, unahitaji nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Kwa michezo ya kutembeatembea, ni mita 2 kwa mita 2 bila kitu ndani yake. Ondoa stuli, ondoa viatu, na mkeka unaoteleza ukunje kabisa. Ukishavaa miwani, miguu yako haitakuwa na macho.

Mwanga nao una maana. Miwani hii inajua iko wapi kwa kutazama chumba kupitia kamera zake nne. Ona hapa usoni pake: kamera mbili juu, mbili chini. Gizani hazioni kitu. Vioo vikubwa vya kujitazamia vinazichanganya pia, kwa hiyo kama una kioo ukutani, kifunike kitambaa. Na jua liingialo dirishani lizuie kwa pazia. Hilo la jua nitalirudia, kwa sababu linaweza kuiua miwani yako.

Sasa waya. Ni mmoja tu, una urefu wa mita 4.5, na unaingia mbele ya PS5 kwenye tundu la USB-C. PS5 nyembamba ya baadaye ina matundu mawili ya USB-C upande wa mbele. Tumia lile la kasi kubwa. Nachomeka, basi. Kwa waliotumia PlayStation VR ya kwanza, ile ya mwaka 2016 iliyokuwa ya PS4, hili peke yake ni nafuu kubwa. Ile ilikuja na kisanduku cha pembeni, waya lukuki, na ilihitaji kamera ya nje iwekwe juu ya runinga ikutazame wewe. Hii ya 2023 imegeuza mambo: kamera ziko usoni pako na zinakitazama chumba.

Waya upitishe nyuma yako, juu ya bega, usiuache mbele ya magoti. Ukicheza umesimama, mara mojamoja usikilizie kwa mguu uko upande gani.

Twende kwenye vidhibiti. Kuna cha kushoto na cha kulia, usivichanganye. Unganisha kimoja kwenye PS5 kwa waya wa USB uliomo ndani ya boksi, bonyeza kitufe cha PS, subiri kitambulike, kisha fanya hivyohivyo kwa kingine. Viweke vyote viwili kwenye chaji mpaka vijae kabla ya kuanza, maana haviishiwi chaji kwa pamoja, na mchezo wa mikono miwili hauchezeki kwa mkono mmoja. Pete hii kubwa inayozunguka mkono ina vitaa vya miale isiyoonekana kwa macho, ndivyo kamera zinavyofuatilia mikono yako. Kamba ya mkononi vaa, ikaze. Nimeona kidhibiti kikiruka kutoka mkononi mwa mtu aliyekuwa akirusha jiwe ndani ya mchezo. Runinga ilipona kwa sentimita chache.

PS5 ikikuomba usasishe programu ya miwani au ya vidhibiti, kubali na usubiri.

Haya, tufike kwenye kuvaa. Naomba usiruke sehemu hii hata kama umeshawahi kuvaa miwani ya aina nyingine.

Nyuma ya mkanda, hapa, kuna gurudumu, na katikati yake kuna kitufe. Bonyeza kitufe, vuta mkanda utanuke. Juu ya miwani, upande wa kulia, kuna kitufe kingine: kinasogeza sehemu ya mbele ije karibu na uso au iende mbali. Kibonyeze, isogeze mbele mpaka mwisho. Anayevaa miwani ya macho abaki nayo, asiivue; nafasi hii ndiyo itakayoiruhusu kuingia bila kugongana na lenzi.

Sasa vaa kwa kuanzia paji la uso, kisha teremsha mkanda nyuma. Tazama nyuma ya kichwa changu. Mkanda haukai katikati ya kisogo, unashuka mpaka chini, pale fuvu linapoanza kuingia kwenye shingo. Hapo ndipo uzito unapobebwa. Miwani ina kama gramu 560, na ukiifunga juu mno, uzito wote unaangukia pua na mashavu. Zungusha gurudumu la nyuma mpaka mkanda ushike, usibane. Kidole kipite kwa shida kidogo. Ndipo sasa ubonyeze kile kitufe cha juu na kuleta lenzi karibu na macho.

Mimi wiki nzima ya kwanza niliona maandishi kama yamemwagiwa maji. Katikati palikuwa na afadhali, pembeni kote ukungu. Nilisafisha lenzi mara nyingi, nikaamini ni mbovu. Kumbe mkanda wangu wa nyuma ulikuwa juu kwa upana wa vidole viwili, kwa hiyo macho hayakutazama kupitia katikati ya lenzi. Lenzi hizi zina mahali padogo penye picha safi kabisa. Ukitoka hapo kidogo tu, juu au chini, picha inafifia. Kwa hiyo shika miwani kwa mikono miwili, ipandishe na kuiteremsha juu ya paji la uso kwa milimita chache, huku ukisoma maandishi madogo yaliyo mbele yako. Kuna mahali utafika herufi zitakuwa kali ghafla. Simama hapo. Sasa ndipo ukaze gurudumu.

Bado kuna umbali kati ya jicho na jicho. Juu ya miwani, upande wa kushoto, kuna kigurudumu kidogo kinachosogeza lenzi zikaribiane au ziachane. Kwa watu wazima wengi, umbali wa mboni na mboni unazunguka milimita 63, lakini watu hatufanani. PS5 itakuonyesha mchoro wa macho yako yanavyoonekana ndani ya miwani. Zungusha mpaka macho yakae mahali pake kwenye mchoro. Ukiupuuza umbali huu, utacheza nusu saa kisha utaondoka na kichwa kinachouma nyuma ya macho, na hutajua kimetoka wapi.

Baada ya hapo itakuja hatua ya kufuatilia macho. Kitone kinatembea, wewe unakifuata kwa macho, kichwa kimetulia. Watu wanaiona kama usumbufu, lakini kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote ambazo konsoli za kizazi hiki zimepiga katika VR, na niieleze kidogo.

Kila jicho lina picha yake ya pikseli, yaani nukta za picha, 2000 kwa 2040. Miwani ya 2016 ilikuwa na 960 kwa 1080 kwa kila jicho. Na picha zote mbili zinachorwa upya mara 90 au 120 kwa sekunde, bila kukosa, kwa sababu picha ikikwama hata kidogo tumbo linajua. Huo ni mzigo mzito. Lakini jicho la binadamu linaona kwa ukali sehemu ndogo tu ya katikati. Pembeni tunaona maumbo na mijongeo. Basi miwani inajua unatazama wapi, na mchezo ulioandikwa kutumia uwezo huo unachora kwa ukamilifu pale ulipoelekeza jicho, pembeni unachora kwa wepesi. Nguvu iliyookolewa inarudi kwenye kile unachokitazama. Ukipima macho yako vibaya, unaivuruga hesabu hiyo. Kwa hiyo fuata kitone kwa utulivu.

Inayofuata ni kupima chumba. Geuza kichwa taratibu, tazama sakafu, tazama kuta. Utaona mistari ya wavu ikifunika vitu: hapo miwani inajifunza chumba chako. Ikimaliza itakuwekea mpaka, nawe unaweza kuurekebisha kwa kidhibiti. Mimi huusogeza ndani kwa kiasi cha urefu wa kiganja, kwa sababu mkono ukiwa kwenye pigo hausimami papo hapo. Kama miwani inalalamika inapoteza mahali ilipo, ongeza mwanga kwanza. Ikigoma bado, ndani ya Mipangilio kuna msaada wa ufuatiliaji unaoweka alama kwenye kioo cha runinga ili kamera zipate cha kushika.

Na kuna kitufe kimoja cha chini ya miwani ambacho nataka ukijue kwa kidole kabla ya mengine yote. Ukikibonyeza, unaona chumba chako kupitia kamera, kwa rangi ya kijivu. Mtu akikuita, mtoto akiingia, ukitaka kuokota kidhibiti, bonyeza hicho, usivue.

Sasa tucheze, na hapa nazungumzia tumbo.

Ukiwa ndani ya miwani na ukasogezwa mbele kwa kidhibiti, macho yanasema tunakwenda. Sikio la ndani, lenye kazi ya kulinda mizani ya mwili, linasema tumesimama. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na kwa watu wengi jibu lake ni kichefuchefu. Siyo udhaifu wako wala uoga. Kwa hiyo siku ya kwanza chagua mchezo ambao mwili wako haupelekwi popote. Beat Saber ni mfano mzuri: umesimama, vitu vinakujia, unavikata. Hatua unayopiga ndani ni hatua uliyopiga chumbani, hakuna ubishi kati ya jicho na sikio.

Cheza dakika 10 au 15, vua, pumzika. Kesho ongeza kidogo. Baada ya siku kadhaa nenda kwenye mchezo kama Horizon Call of the Mountain, ambao una njia ya kutembea kwa kupunga mikono kama mtu anayetembea kweli, na hilo huwasaidia wengi. Gran Turismo 7, ambayo karibu mbio zake zote unaweza kuziendesha ndani ya VR, mimi huwaambia watu waiweke baadaye. Kukaa ndani ya gari kunatuliza, lakini gari likizunguka njiani kama pia ya watoto, tumbo nalo linazunguka.

Kabla ya kuanza mchezo wowote fungua mipangilio yake ya starehe. Tafuta vitu vitatu: kuhama kwa kuruka kutoka mahali hadi mahali badala ya kuteleza, kugeuka kwa hatua badala ya kugeuka mfululizo, na kutia giza kingo za picha unaposogea. Viwashe vyote. Utavizima kimoja kimoja mwili utakapozoea.

Na tafadhali, usijikaze. Ukihisi jasho jembamba kwenye paji la uso, au mate yanajaa mdomoni, vua sasa hivi, usisubiri umalize hatua uliyopo. Ukilazimisha, mwili unaanza kuihusisha miwani na ugonjwa, na mara ijayo utachefuka hata kabla mchezo haujaanza. Nimeona mtu aliyelazimisha siku moja akahitaji mwezi mzima kurudi.

Ukimaliza, futa lenzi kwa kitambaa kikavu na laini, kile cha kufutia miwani ya macho. Usitumie spiriti. Na sasa lile la jua: lenzi zinakusanya miale kama kioo cha kukuzia, kwa hiyo jua likizipiga kwa dakika chache tu linaweza kuunguza kioo cha ndani, na doa hilo halitoki. Weka miwani lenzi zikiangalia chini, mbali na dirisha, au ifunike.

Mtu wa pili akitaka kucheza, usimvalishe tu ukamwachia. Na awe amefikisha miaka 12, ndio umri ambao Sony wameuweka. Nina dada yangu hapa. Dada, karibu. Anza na paji la uso, teremsha nyuma, chini zaidi, hapo. Zungusha kile kigurudumu cha juu kushoto. Macho yako na yangu hayako sawa, usiniachie vipimo vyangu. Sasa pandisha miwani kidogo, soma yale maandishi madogo mbele yako.

"Bado yana ukungu."

Teremsha kidogo. Kidogo tena.

"Aa, hapo. Hapo nayasoma yote."

Kaza gurudumu la nyuma. Kitufe cha chini umekigusa? Haya, mimi nakaa huku pembeni, nje ya mpaka wako, nakutazama kwenye runinga.