Yadi 27 kati ya Barry Sanders na Ashton Jeanty

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Rehema, niko Columbus, Ohio. Mwenzangu Juma yuko Texas, kaskazini ya Dallas. Kaka Juma, habari za huko?

JUMA: Nzuri dada, joto tu. Lakini leo nimekuja na ubishi, nakuambia mapema.

REHEMA: Ubishi gani tena?

JUMA: Kipindi kilichopita ulisema hakuna mkimbiaji wa futiboli ya vyuo vya Marekani aliyewahi kumfikia Barry Sanders. Ukasema ukapita. Kauli ile imenikaa rohoni wiki nzima, kwa sababu mimi nimemwona Ashton Jeanty kwa macho yangu mwaka 2024, na Sanders tunasimuliwa tu na mikanda ya zamani.

REHEMA: Haya, tuanze hapohapo. Sanders, Chuo Kikuu cha Oklahoma State, mwaka 1988: alikimbia na mpira yadi 2,628 msimu mzima. Jeanty, Boise State, mwaka 2024: yadi 2,601. Upungufu yadi 27.

JUMA: Yadi 27! Kuna siku alikuwa anazipata kwa mbio moja.

REHEMA: Ngoja kwanza tumsaidie msikilizaji aliyekulia kwenye soka kama sisi. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kugombea ardhi. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na yadi moja ni pungufu kidogo ya mita. Mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi, akapenye katikati ya watu kumi na mmoja wanaotaka kumlaza chini. Akipata yadi 100 kwa mechi moja, kocha wake analala vizuri. Sasa Sanders mwaka ule alikuwa anapata karibu yadi 239 kila mechi.

JUMA: Hiyo sibishi.

REHEMA: Hubishi, lakini huimalizi. Alizipata kwa mechi ngapi? 11. Jeanty alicheza 14. Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Siku zile takwimu za mechi ya mwisho wa msimu, zile za mwaliko, hazikuhesabiwa kwenye rekodi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilianza kuzihesabu mwaka 2002. Sanders alicheza Holiday Bowl dhidi ya Wyoming, akakimbia yadi 222, akafunga tachidauni tano, yaani mara tano aliufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Zote hizo kitabu cha rekodi hakizioni. Ukiziweka, anakuwa na 2,850.

JUMA: Na Jeanty mechi yake ya Fiesta Bowl dhidi ya Penn State imehesabiwa.

REHEMA: Imehesabiwa, yadi 104. Na fainali ya ligi yao dhidi ya UNLV pia, yadi 209. Sanders hakuwa na fainali ya ligi. Ukimpima Jeanty kwa mechi za kawaida peke yake, 12, ana 2,288. Ndiyo maana nasema huu upungufu wa yadi 27 unadanganya. Ni sawa na kupima mchele wa huyu kwa kibaba na wa yule kwa kilo, halafu ukatangaza nani kavuna zaidi.

JUMA: Vizuri. Sasa na mimi nipe nafasi, maana kibaba chako nacho kina tundu.

REHEMA: Karibu.

JUMA: Sanders alizipata wapi zile yadi? Alivuka 300 kwenye mechi nne. Moja dhidi ya Kansas State, yadi 320. Nyingine dhidi ya Kansas, 312. Dada, Kansas State mwaka 1988 walicheza mechi 11 wakafungwa 11. Kansas walishinda moja tu, na waliyemfunga ni haohao Kansas State! Timu zilizokuwa taabani kabisa.

REHEMA: Hilo ni kweli.

JUMA: Halafu tazama waliomzunguka. Kwotabeki wake, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, alikuwa Mike Gundy, aliyekuja kuwa kocha wa chuo hichohicho kwa miaka mingi. Mpokea pasi wake alikuwa Hart Lee Dykes, mtu hatari. Walinzi hawakuweza kujazana wote mbele kumsubiri Sanders, kwa sababu Gundy angewatupia mpira nyuma yao. Boise State walikuwaje? Uwanja mzima, mpaka muuza maji jukwaani, unajua mpira anapewa Jeanty. Anasimama wima nyuma ya kwotabeki, mikono inaning'inia kama mtu anayengoja basi. Anapewa mpira, anagongwa na mtu wa kwanza, haanguki. Wa pili, haanguki. Sehemu kubwa ya yadi zake amezipata baada ya kuguswa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha mkimbiaji: unabaki na nini wakishakushika?

REHEMA: Na alianzia mbali, yule kijana.

JUMA: Mbali sana. Baba yake alikuwa jeshi la majini la Marekani, wakaishi Naples, Italia, akacheza huko kabla ya kuja kumalizia sekondari hapa Frisco, jirani na mimi. Septemba 2024 wakaenda Oregon, timu kubwa, wakafungwa 37 kwa 34, lakini Jeanty alitoka na yadi 192 na tachidauni tatu. Hiyo siyo Kansas State.

REHEMA: Nakubali. Lakini basi umpe na Sanders mechi zake ngumu. Nebraska waliwafunga 63 kwa 42, na Sanders akapata 189 na tachidauni nne. Oklahoma, wapinzani wao wa jadi, wakawafunga 31 kwa 28, akapata 215. Wakubwa walimwona na hawakumzuia. Penn State walimzuia Jeanty. Alihitaji yadi 132 siku ile kuivunja rekodi, wakamwachia 104, na alikabidhiwa mpira mara 30.

JUMA: Ile mechi iliniuma.

REHEMA: Iliniuma hata mimi, na mimi ni wa Sanders.

JUMA: Basi tufanye hivi. Wazee husema kila zama na kitabu chake. Tuache kuwapeleka watu kwenye zama zisizo zao. Tumwulize kila mmoja: mwaka wako, katika watu wa rika lako, uliwaacha kwa umbali gani?

REHEMA: Ndiyo, lakini swali hilo lina la pili lake, na mimi ndilo linalonigusa zaidi. Hao wa rika lako, waliruhusiwa wote kuingia uwanjani?

JUMA: Endelea.

REHEMA: Chukua Red Grange. Tarehe 18 Oktoba 1924, Illinois wanafungua rasmi uwanja wao mpya, wageni ni Michigan. Mpira wa kuanzia unamfikia Grange, anaurudisha yadi 95, tachidauni. Halafu anakimbia 67. Halafu 56. Halafu 44. Tachidauni nne, na zimepita dakika 12 tu! Wakampumzisha, akarudi akafunga ya tano, akatupa pasi ya sita. 39 kwa 14. Na siku zile mtu alicheza pande zote mbili, akishambulia na kulinda, sheria za kubadilisha wachezaji zilikuwa kali. Likizoni alikuwa anabeba vipande vya barafu majumbani kwa watu, mji wa Wheaton, ndiyo iliyokuwa mazoezi yake.

JUMA: Ni makubwa hayo.

REHEMA: Makubwa, na simnyang'anyi. Lakini miaka ile vyuo vya wazungu vya Kusini havikumpokea mwanafunzi mweusi hata darasani, achilia mbali uwanjani, na vya Kaskazini vilichukua wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kwa hiyo tunaposema "aliwaacha wote", hao wote ni kina nani? Alabama hawakuwa na mchezaji mweusi kwenye timu yao kubwa mpaka baada ya mwaka 1970. Mwaka huo USC, chuo cha California, walikwenda Birmingham, Alabama, wakawafunga 42 kwa 21, na kijana mweusi Sam Cunningham akakimbia yadi 135 mbele ya jukwaa lile. Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa mpira pale Alabama, alikuwa tayari chuoni siku hiyo, lakini wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza. Alikaa anatazama.

JUMA: Na waliokwenda vyuo vya weusi wenyewe, kina Walter Payton pale Jackson State, Jerry Rice pale Mississippi Valley State, hao tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo kila mwaka, waliisikia redioni tu.

REHEMA: Hata aliyekuwa chuo cha Kaskazini. Jim Brown, mkimbiaji wa Syracuse, 1956. Unajua alishika nafasi ya ngapi kwenye kura za Heisman?

JUMA: Ya tano. Tuzo ikaenda kwa Paul Hornung wa Notre Dame, timu iliyoshinda mechi mbili ikapoteza nane. Hakuna mwingine aliyewahi kuipata akiwa kwenye timu iliyopoteza zaidi ya ilivyoshinda. Sina ugomvi na Hornung, alikuwa mchezaji hodari, anakimbia, anatupa, anapiga teke. Lakini wa tano?

REHEMA: Miaka mitano baadaye Ernie Davis, chuo hichohicho, anavaa fulana hiyohiyo namba 44, akawa mweusi wa kwanza kuipata. 1961. Akafa kwa saratani ya damu mwaka 1963, ana miaka 23, hajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Mimi nikifika hapo huwa natulia kidogo.

JUMA: Mungu amrehemu.

REHEMA: Amin.

JUMA: Umetaja hilo la mwaka wa kwanza kutocheza. Hapo Columbus kwenu si ndipo penye mfano wake?

REHEMA: Archie Griffin! Sheria ilibadilishwa mwaka 1972, na mwaka huohuo yeye ndiyo anaingia Ohio State. Mechi ya kwanza wakampa mpira mara moja, akaudondosha. Mechi ya pili, dhidi ya North Carolina, akakimbia yadi 239, rekodi ya chuo wakati ule. Angezaliwa mwaka mmoja nyuma, siku hiyo angekuwa jukwaani kama Wilbur Jackson. Heisman mbili, 1974 na 1975, na mpaka sasa hakuna mwingine mwenye mbili. Hapa mjini jina lake halitajwi kwa haraka, mtu anapunguza sauti kidogo.

JUMA: Na bado humweki juu ya Sanders.

REHEMA: Simweki. Griffin alidumu, na kudumu kuna heshima yake. Lakini Sanders mwaka 1987 alikuwa bado wa akiba nyuma ya Thurman Thomas. Mwaka mmoja tu alipewa timu, na mpira wa kwanza kabisa wa msimu huo aliurudisha yadi 100. Mwaka mmoja, halafu akaondoka kwenda kulipwa.

JUMA: Sasa nikuulize la mwisho kabla hatujaaga. Mwaka 2024 Heisman hakuipata Jeanty, aliipata Travis Hunter wa Colorado, kwa kura za kukaribiana. Anadaka pasi 96 na kufunga tachidauni 15 akiwa mshambuliaji, halafu anabaki uwanjani kulinda, ananasa pasi nne za wapinzani. Red Grange angefufuka, angemtambua Hunter kuliko yeyote.

REHEMA: Angemtambua, na angeshangaa kwa nini tunashangaa! Ila Grange alifanya hivyo pamoja na kila mtu. Hunter alifanya peke yake, wenzake wote wamekaa benchi wanakunywa maji. Kwa kipimo chako cha umbali na rika lake, Hunter ananipa shida kweli. Wiki hii siwezi kumweka, nimtazame tena.

JUMA: Nami Jeanty simshushi. Lakini ungepewa mechi moja uione kwa macho yako, ukae jukwaani, ungechagua ipi?

REHEMA: Tokyo, Desemba 1988. Oklahoma State na Texas Tech walipelekwa Japani kucheza. Sanders anaambiwa kwenye televisheni, akiwa hukohuko, kwamba ameshinda Heisman, na yeye makamera hakuyapenda kabisa. Halafu anaingia uwanjani mbele ya Wajapani, anakimbia yadi 332. Kila akifunga anamkabidhi mwamuzi mpira, anaondoka zake. Na wewe?

JUMA: Syracuse na Colgate, Novemba 1956. Jim Brown alifunga tachidauni sita, na mateke ya pointi ya nyongeza alipiga mwenyewe, saba yakaingia. Pointi 43, mtu mmoja, mchana mmoja. Ningetaka kukaa karibu na waandishi wa magazeti nikaone wanaandika nini, kwa sababu wiki chache baadaye ndipo walipompa nafasi ya tano.