Mofini Haiwekewi Akiba

Ndugu wauguzi, nanyi mnaouguza nyumbani, tuanze na chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Inarudi kliniki ina dawa zaidi ya nusu, na mgonjwa hajalala siku tatu. Ukiuliza unaambiwa, "Akiizoea sasa, baadaye atatumia nini?" Jamani, mofini haina kiwango ambacho ukikifikia ndio basi. Maumivu yakizidi, dozi inapandishwa.

Tena mazoea haya msiyachanganye na usugu wa vijidudu kwa dawa. Hapa mwili ndio unaozoea, na hauzoei yote kwa mpigo. Usingizi na kichefuchefu mara nyingi hupungua ndani ya wiki. Choo kigumu hakizoeleki! Mofini bila dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ni tiba nusu, labda kama mgonjwa anaharisha.

Sasa dawa haimshiki tena. Kabla hujasema amezoea, tazama chupa: ni ya miligramu 5 kwa mililita 5, au ya 50? Anatapika? Anapewa kila baada ya saa 4, au mpaka alie? Maumivu yanachoma kama pilipili na kupiga shoti? Hayo ni ya neva. Huenda akahitaji amitriptilini, dawa ya maumivu ya neva, pamoja na mofini. Kwa mgonjwa wa saratani, mara nyingi ni uvimbe uliokua, si mazoea.

Tuhesabu. Miligramu 5 mara 6 kwa siku ni 30. Jana aliongezewa dozi 3 za katikati, yaani za maumivu yaliyozuka kabla saa 4 hazijaisha, 5 kila moja: 15. Jumla 45, gawa kwa 6, unapata 7.5. Ndiyo dozi mpya ya kila saa 4, na ile ya katikati nayo iwe 7.5. Hapo wengi husahau.

Lakini ukiongeza na maumivu yakazidi, shuka tu likimgusa analia, misuli inashtukashtuka, acha kupandisha. Fikiria figo: mabaki ya mofini hutoka kwa mkojo, zikichoka yanarundikana. Mwite daktari apunguze dozi, atanue muda au abadilishe dawa.

Na akipata mionzi maumivu yakatulia, msikate ghafla. Atatoka jasho, atatetemeka, ataharisha. Huo si uraibu. Ni mwili uliozoea, unashushiwa dozi kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Aliyekaa siku kadhaa bila dawa naye asirudishiwe dozi ya zamani: mazoea yameshaondoka, na dozi ileile iliyomtuliza inaweza kumkata pumzi.