Nyumba za Kupanga kwenye Njia ya Reagan

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Leo nataka twende safari ya gari katika jimbo la Illinois, Marekani. Huko kuna barabara zilizowekewa vibao vya Ronald Reagan Trail, yaani Njia ya Ronald Reagan. Njia hii haifiki Washington wala California. Inakatiza mashamba ya mahindi na soya, mji mdogo hadi mji mdogo, ikimfuata mtoto mmoja tangu kuzaliwa hadi alipomaliza chuo.

Najua humu ndani wapo wanaokunja uso wakilisikia jina hilo. Mwaka 1986, akiwa rais wa Marekani, Reagan alitumia kura yake ya turufu kuzuia sheria ya vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini, na Bunge la Marekani likaipitisha hivyo hivyo. Mimi binafsi jambo lile sijalisahau, na sikuja hapa kumsafisha mtu. Nimekuja kuzungumza juu ya mtoto wa muuza viatu.

Tunaanzia Tampico. Alizaliwa hapo tarehe 6 Februari 1911, katika nyumba ya kupanga ghorofani, chini yake duka la mikate. Baba yake, Jack, alikuwa hodari wa kuuza viatu, lakini pombe ilimshinda. Kazi ikibadilika, familia inahama. Wakaenda Chicago, wakaenda Galesburg, wakaenda Monmouth, wakarudi tena Tampico, na mwishoni mwa 1920 wakatua Dixon. Mtoto hajatimiza hata miaka kumi! Aliyewahi kuhama akiwa mdogo, godoro limefungwa kamba na marafiki wameachwa mtaa wa nyuma, ataielewa ramani ya njia hii bila kusomewa.

Pale Dixon kuna nyumba ya mbao kwenye mtaa wa South Hennepin, namba 816. Ronald na kaka yake Neil walilala chumba kimoja. Mbele ya meko kuna kigae kilicholegea, na chini yake yule mtoto alikuwa akificha senti zake. Mimi kigae hicho nakipenda kuliko sanamu zote za marais. Nyumba si yenu, kesho mnaweza kuambiwa mtoke, lakini umepata pa kuweka kitu chako.

Nje kidogo ya mji kuna bustani ya Lowell Park, kando ya mto Rock. Kwa majira saba ya kiangazi Reagan alikuwa mlinzi wa waogeleaji hapo. Kila alipomwokoa mtu asizame, alikata alama kwenye gogo. Zilifika 77.

Kisha Eureka, chuo kidogo cha kanisa, alikosoma kuanzia 1928 hadi 1932, akiosha vyombo ili apate chakula. Alicheza mpira wa Kimarekani timu moja na William Franklin Burghardt, kijana mweusi. Katika safari moja ya timu, hoteli iliwakatalia Burghardt na mwenzake mweusi. Reagan akawachukua hadi kwao Dixon. Nelle, mama yake, akafungua mlango, akawakaribisha wote walale. Fikirini: ni Marekani ya miaka ya 1930, na mama huyu ni mpangaji, hana mali yoyote. Kila nikiisoma habari hii namkumbuka Nelle kwanza, halafu nauliza ule mlango ulikuwa wapi mwaka 1986. Vibao vya barabarani havina jibu la swali hilo.

Katika miji yote niliyoitaja, hakuna nyumba hata moja iliyokuwa mali ya Jack na Nelle. Nyumba yao ya kwanza walinunuliwa na mtoto wao, huko California, alipoanza kulipwa mshahara wa sinema. Hiyo haiko kwenye njia.