Mamba wa Pangani na Ua la Usambara: Nani Yu Hatarini Zaidi?

Wazee wangu, kina mama na vijana wa Tanga, shikamooni, na ahsanteni kwa kuja.

Leo naweka kwenye mizani moja viumbe wawili wanaokunywa maji ya mlima mmoja. Vijito vya Usambara humwagikia Mto Luengera, na Luengera huingia Mto Pangani, makazi ya mamba.

Ua lenyewe ni Saintpaulia. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa ua jina la baron huyo. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa watu wasiojua Amani, huku milimani Usambara, iko wapi. Huku kwao limebaki vipande vipande. Huota kwenye nyufa za miamba yenye unyevu, chini ya kivuli, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Kateni mti ulio juu ya mwamba, jua lipige, unyevu ukauke: ua limekwisha, halina pa kukimbilia.

Mamba je? Simtetei mbele ya mama aliyepoteza mtoto mtoni. Msiba huo ni wa kweli. Lakini jike hutaga mayai 50 hivi, hukilinda kiota takriban miezi mitatu, kisha huwabeba watoto mdomoni hadi majini. Karne iliyopita biashara ya ngozi ilimpunguza sana. Biashara hiyo ilipodhibitiwa, sehemu nyingi alirudi. Isitoshe, yuko kuanzia Misri hadi Afrika Kusini.

Kwa hiyo mimi nasema bila kusita: aliye hatarini zaidi ni ua. Mamba akiongezeka au akipungua, wavuvi watasema siku hiyo hiyo. Ua likitoweka kwenye jabali moja bondeni, nani ataleta habari? Na msiniambie yapo ya vyunguni. Hayo yamezalishwa kutokana na aina chache tu. Zile nyingine za milimani zikipotea, hakuna duka la kuzinunua.

Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inalinda sehemu, ila maua mengine yako nje ya mpaka wake, kwenye ardhi ya vijiji. Ndiyo maana nawaomba wenyeviti wa vijiji mlio hapa: kabla ya kuruhusu miti ikatwe kando ya kijito, teremkeni kwanza mkaangalie miamba.