Dozi ya kwanza haiulizi figo

Wauguzi, madaktari na wafamasia wenzangu, ahsanteni kwa kuja. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku, atakayesinzia tutamsamehe.

Nianze na karatasi moja ya dawa. Mgonjwa mahututi, kilo 66, ana fangasi wa kandida kwenye damu. Presha imeshuka, mkojo ni kidogo, kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, imepanda. Daktari kijana ameandika flukonazoli miligramu 200 kwa siku, kuanzia leo. Nikamuuliza, "Dokta, mbona 200?" Akasema, "Figo zimechoka, nimekata nusu." Zamani ningeipitisha karatasi ile bila neno.

Hebu tupige hesabu. Flukonazoli husambaa karibu kila penye maji mwilini, takriban lita 0.7 kwa kila kilo. Kwa huyu ni kama lita 46. Ukimwaga humo miligramu 200, unapata miligramu 4 na ushei kwa lita. Dozi ya kuanzia inayotakiwa ni miligramu 12 kwa kilo, yaani karibu 800, nayo inakupa 17. Figo huamua dawa itoke haraka au polepole. Ukubwa wa pipa, yaani maji ya mwili ambamo dawa husambaa, haziuamui, na mgonjwa aliyevimba kwa maji ya dripu pipa lake huwa kubwa zaidi.

Tena kuna jambo linalowapita wengi. Figo zikiwa nzima, nusu ya dawa hii hutoka kwa saa 30 hivi, kwa hiyo bila dozi kubwa ya kuanzia kiwango huchukua karibu wiki nzima kutulia. Figo zikifa, muda huo unarefuka. Kwa hiyo huyu tunayemwonea huruma ndiye angechelewa kuliko wote.

Wauguzi, mzigo huu unawaangukia nyinyi. Chupa ya mililita 100 ina miligramu 200, kwa hiyo ni chupa nne, na haipaswi kuzidi miligramu 200 kwa saa. Saa nne mshipa mmoja umeshikwa. Pangeni mapema, msije mkaambiwa antibayotiki imechelewa.

Kupunguza kunaanza kesho yake: badala ya 400, mpe 200. Sasa akiwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mfululizo, usiku na mchana, mambo yanageuka. Figo nzima huchuja flukonazoli kisha hurudisha sehemu kubwa kwenye damu. Mashine hairudishi kitu, ikichuja imechuja. Mgonjwa huyo anaweza kuhitaji 400 hadi 800 kwa siku, kuliko hata mwenye figo zake. Wa mashine ya saa chache, mara tatu kwa wiki, apewe dozi kamili baada ya kusafishwa, si kabla.

Vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ni mkorofi wa aina nyingine. Hiyo huvunjwa na ini, na uvimbe mkali mwilini hulizubaisha ini, kiwango kikapanda ingawa dozi haijaguswa. Siku mgonjwa anapopoa, kinashuka chenyewe. Penye maabara, pimeni kabla ya dozi inayofuata. Tunataka kati ya miligramu 1 na 5.5 kwa lita.

Ombi langu ni dogo. Kwenye chati, pembeni ya dozi, andikeni mashine imewashwa saa ngapi na imezimwa saa ngapi. Mashine ikiganda damu saa nane usiku na hakuna aliyeandika, asubuhi mimi nakokotoa dozi ya mashine iliyokwisha kuzimwa.